Watu Niliowafuta Bwawani

Mwaitu hakujua Kiingereza, nami nilikitumia hicho Kiingereza kumdanganya. Nimeonelea niseme hilo mapema, maana najijua. Nikipewa nafasi ya kujipamba, nitajipamba.

Mwaitu ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Wangu alikuja Nairobi kutoka Kitui akapanga chumba cha mabati Silanga, upande ule wa Kibera unaoteremka hadi bwawani. Alikotoka yeye, maji yalikuwa ya kuchimbwa. Mto ulikuwa mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka, na wanawake walichimba shimo katikati yake hadi mtu akazama kifuani, kisha wakakaa kitako kungoja maji yachuruzike, kata moja, kata nyingine. Kwa hivyo siku aliyofika Silanga na kuona bwawa zima limelala pale, halina foleni wala mwenyewe, alidhani watu wa Nairobi wana wazimu. Wengine walipita wameshika pua. Ni kweli bwawa lilinuka. Mitaro yote ya juu iliishia humo, na magugumaji yalikuwa yameanza kulifunika. Yeye aliona maji na udongo mweusi.

Alijipatia kipande kati ya njia na matete. Msimu wa kwanza hakupanda kitu. Aliokota. Aliokota karatasi za plastiki, vitambaa, vigae vya chupa, viatu visivyo na wenzake, akavijaza kwenye magunia na kuyabeba mgongoni hadi jalalani. Ndipo akapanda sukuma wiki, kunde, na nduma, yaani magimbi, kwenye maji. Hapakuwa na hati ya shamba wala seng'enge. Mwanamke alijulikana ni mwenye kipande kwa kuwa amekilima, na ukitaka kujua kipande cha nani kinaishia wapi uliangalia safu ya nduma. Ukiacha msimu mmoja upite bila jembe, ukirudi utamkuta mwingine ameinama pale, na hakuna atakayekusikiliza.

Upande wa kutazama maji, mwaitu alipanda safu moja ya mtama ambao hakuuvuna kamwe. Ulikuwa wa ndege. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini analisha ndege na sisi wakati mwingine tunalala na chai ya rangi.

"Hao ndio wenyeji," alisema. "Sisi tumekuja juzi. Halafu wakishiba hapo hawanimalizii kunde."

Sikuwahi kujua kama huo ulikuwa wema au ujanja. Siku moja nilimuuliza ni kipi kati ya hivyo viwili, akaniambia nishike jembe.

Jirani yake wa kipande alikuwa mwanamke aliyeuza makaa kwenye njia. Alitoka Ukambani pia, upande wa Machakos, na alikuwa na mdomo. Vidole vyake havikutakata hata Jumapili, kwa hivyo kila fungu la sukuma aliloliuza lilikuwa na alama za vidole vyeusi kwenye majani, na wateja walimtania kwamba mboga zake zimepigwa muhuri. Yeye aliwajibu kwamba muhuri ndio unaonyesha mali si ya wizi. Mimi nilimpenda kuliko shangazi zangu wa damu.

Shule niliyosomea ilikuwa upande wa Olympic, ambako nyumba zina mageti na maua yanayoning'inia ukutani. Pale nilimpata mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, na pale nikapotea. Alikuwa mtu wa Kawangware, wa zile familia zilizokuwa na ardhi kule tangu zamani kabla ya vyumba vya kupanga. Mkononi alikuwa na kitabu kisicho na jalada, chenye mashairi ya Waingereza wa kale. Hayakuwa kwenye mtihani. Alitusomea kwa kuwa aliyapenda, na kabla ya kuanza alifunga madirisha yote ili harufu ya mtaro isituingilie tukisikiliza habari za upepo safi.

Yalinishika vibaya. Yalikuwa na milima, maziwa, mawingu, na mtu anayetembea peke yake hadi moyo wake unapona. Mwalimu alitueleza kwamba washairi wale waliishi wakati viwanda vilipoanza kuutia moshi mji wao, wakakimbilia mashambani na kulia kwa maneno mazuri. Kabla yao, alisema, mlima ulikuwa kitu cha kuogopwa tu, au kitu cha kuchimbwa. Wao ndio waliowafundisha watu wao kuupenda, na baada ya kuupenda wakataka kuulinda, na fikra hiyo ikasafiri kwa meli hadi kwetu pamoja na mengine yote yaliyokuja kwa meli. Mbuga zikawekewa mipaka. Misitu ikapata walinzi. "Kila mtu anayepanda mti leo na kupigwa picha," alituambia, "amekopa kitu kwa hawa wazee."

Sisemi ni uongo. Mimi mwenyewe ninafundisha hivyo sasa, na ninaamini nusu yake. Lakini kuna jambo mwalimu hakutuonyesha, au labda yeye pia hakuliona. Katika mashairi yale, mtu anayefanya kazi huwa mbali. Mchungaji akitokea, anatokea mdogo kama kisiki, kilimani huko, na hakuna anayemwendea kumuuliza habari ya miguu yake. Anayekata nyasi huonekana akiimba, akikata, kisha mshairi anaenda zake. Kinachobaki ni ziwa, na yeye.

Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa naona aibu. Naona aibu hata kuliandika neno hilo, lakini ndilo. Niliona aibu ya Silanga, ya gunia la sukuma kichwani mwa mama yangu akipita geti la shule asubuhi, ya matope kwenye kandambili zake. Mashairi yale yalinipa dawa. Nilijifunza kusimama juu ya tuta la bwawa jioni na kufinya macho. Nikiyafinya vizuri, wanawake wote walioinama waliyeyuka, yakabaki matete, maji yanayometameta, na ndege mmoja mweupe. Hapo Silanga ilikuwa pazuri, nami nilikuwa mtu mwingine kabisa.

Kikundi kimoja cha mazingira kikatangaza shindano kwa shule za sekondari, shairi kuhusu bwawa. Mshindi angepewa vitabu na cheti, na shairi lake lingechapishwa kwenye bango na kusimamishwa ukingoni. Niliandika langu kwa Kiingereza, kwa penseli, wiki nzima. Katika nakala ya kwanza mlikuwa na mwanamke. Ameinama, ana jembe, nyuma yake kuna mtama. Nilimweka bila kufikiri, kwa kuwa alikuwepo.

Mwalimu alilisoma shairi amesimama dirishani. Kisha akauweka wino mwekundu chini ya mistari ile.

"Huyu mama ana kazi gani hapa?" aliuliza.

Akaigonga karatasi kwa kalamu.

"Mtoe. Liache shairi lipumue."

Hakujua kwamba huyo mama ni mama yangu. Mimi nilijua. Nilichukua ufutio nikamfuta, na nilipoona pengo lililobaki, nililijaza kwa mstari uliosema kwamba ukingo ule haujawahi kuguswa na jembe. Na mstari wa mwisho ukasema hapakuwa na nyayo pale ila zangu. Nikiri tu kwamba ilikuwa mistari mizuri. Mwalimu alitikisa kichwa kwa furaha akasema, "Sasa limekuwa shairi."

Nikashinda.

Mwaitu alikibandika cheti ukutani juu ya kitanda, akakifunika kwa karatasi ya plastiki ili moshi usikiharibu. Jioni hiyo alikuwa nje ya mlango na yule jirani wa makaa, wanafunga mafungu ya sukuma kwa kamba za mgomba. Alinitaka niwasomee. Nikasoma kwa Kiingereza, nao wakasikiliza wametulia kama watu walio kanisani. Nilipomaliza wakapiga makofi.

"Sasa tuambie inasema nini," mwaitu alisema.

Nilikuwa na karatasi mkononi. Mwaitu alikuwa na jani la sukuma kwenye goti, na alinitazama kama anayengoja zawadi ifunguliwe. Ningewezaje kumwambia? Nikafungua mdomo, nikatafsiri shairi ambalo halikuwa kwenye karatasi:

Bwawa limelala, na ukingoni mama ameinama,
jembe lake linauamsha udongo mweusi.
Nyuma yake umesimama mtama wa ndege,
mtama usiovunwa na mtu.
Na kando yake yuko wa makaa,
vidole vyake viko kwenye kila jani linaloenda mjini.

Yule wa makaa aliacha kufunga mboga. "Hata mimi niko?"

"Uko."

"Na vidole? Kwa Kizungu?"

"Na vidole."

Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kiganja, akabaki na mstari mweusi chini ya jicho. Mwaitu hakucheka. Alisema polepole, "Umeweka hata mtama," akarudi kwenye mafungu yake. Nadhani hiyo ndiyo ilikuwa siku yake bora mjini Nairobi, na mimi ndiye niliyeitengeneza kwa uongo.

Bango lilipokuja, lilisimamishwa kwa nguzo mbili za chuma hatua chache kutoka kwenye kipande chetu. Lilikuwa la kijani, na maandishi meupe. Mwaitu aliwapeleka wanawake wote wa bwawani kuliona, akawaonyesha kwa kidole mahali alipodhani yeye yuko, na mahali alipodhani wao wako. Wengi wao hawakujua Kiingereza, na wachache waliokijua walikuwa na shughuli zao. Na kila Jumamosi, baada ya kupalilia, alichukua kitambaa akakilowesha akalipangusa lile bango vumbi. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi. Alipangusa mstari unaosema hakuna jembe, jembe likiwa limeegemea nguzo. Kila mara nilijiambia nitamweleza wiki ijayo.

Ikaja habari kwamba bwawa litarekebishwa. Tuliitwa mkutanoni kanisani, kanisa la mabati lililo njiani, Jumamosi mchana. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Afisa wa mradi, ulioendeshwa pamoja na kile kikundi cha shindano, alikuwa mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na wala sina la kumsingizia. Alituonyesha picha za bwawa litakavyokuwa. Nyasi fupi, viti vya kukalia, maji ya samawati, na mtu mmoja akitembea na mbwa. Nilipomwona mtu yule nilimtambua. Nilikuwa nimekutana naye kwenye kitabu kisicho na jalada.

"Tunataka kulirudisha bwawa katika hali yake ya asili," afisa alisema.

Yule wa makaa akanyoosha mkono. "Asili gani? Si hii dam ilichimbwa na watu?"

Watu walicheka, na afisa pia akacheka kidogo. Kisha akaeleza kwamba ukingo wote utasafishwa, mimea yote, kwa ajili ya mazingira, na kwamba kwa kadiri ofisi inavyojua hapakuwa na kilimo pale, ila watu wachache waliovamia juzijuzi.

Kanisa likachafuka. Juzijuzi! Kuna waliolimia pale hadi watoto wao wakaoa. Kila mmoja alisimama akasema miaka aliyolima, na afisa aliwasikiliza wote, akaandika. Kisha akauliza kwa upole uleule, "Sawa, mama zangu. Lakini kuna ushahidi? Kuna mahali imeandikwa?"

Nilimwona mwaitu akisimama, benchi mbili mbele yangu, na kabla hajasema neno nilijua atakachosema.

"Iko," alisema. "Imeandikwa kwa hiyo bango yenu. Aliandika ni mtoto wangu. Sisi wote tuko ndani, na shamba iko, na hata ndege wangu wako. Nyinyi wenyewe ndio mlimpea cheti. Someni."

Wanawake wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Mwaitu alibaki amesimama, kitambaa chake cha kichwa kimefungwa vizuri kama cha harusi, akingoja kesi iishe.

Shairi lilikuwa ndani ya kijitabu alichokuja nacho afisa, ukurasa wa kwanza kabisa, chini ya picha ya ndege mweupe. Alilisoma kwa Kiingereza, tena vizuri. Wanawake waliitikia kwa vichwa. Yule wa makaa alimgusa mwaitu kwa kiwiko. Afisa alipomaliza alionekana kutatizika, akasema, "Mama, ngoja nilitafsiri, labda hatujaelewana." Akatafsiri mstari mmoja mmoja. Ziwa limelala. Matete yananong'ona. Ndege yuko peke yake. Ukingo ambao jembe halijawahi kuugusa. Hakuna nyayo ila zangu.

Alingoja kidogo, kama mtu anayewapa wengine nafasi ya kumsahihisha. Kisha akauliza, "Aliyeandika yuko hapa?"

Mwaitu aligeuka akanitafuta kwa macho. Nikasimama.

"Ni wewe uliandika hii?"

"Ndiyo."

"Na wewe ni wa hapa?"

"Nimezaliwa hapa."

"Asante sana," alisema. "Umetuandikia vizuri."

Hilo tu. Hakuniuliza kama kuna mashamba. Hakuwa na haja. Na mimi, niliyekuwa na maneno ya kujaza bango zima, nilihitaji sentensi moja: pale kuna shamba, ni la mama yangu, nimelipalilia kwa mikono hii. Lakini kuisema ilikuwa ni kusema mbele ya watu wote kwamba nimedanganya mara mbili, kwenye karatasi na mlangoni pa mama yangu, nami nilikuwa nimejizoesha kufinya macho. Nikaketi.

Nimejiuliza mara nyingi kama ingesaidia. Naamini isingesaidia. Trekta lilikuwa limeshaagizwa, na trekta halisomi. Lakini hilo ni jambo jingine. Mama yangu aliniita kuwa shahidi wake mbele ya watu, nami nikamwacha amesimama peke yake.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Wanawake walikuwa nyuma yetu, na mmoja akasema, bila kupunguza sauti, "Kikulacho ki nguoni mwako." Mwaitu hakugeuka. Yule wa makaa alitupita pale mlangoni, akasimama, akanitazama. Nilidhani atanitukana, na ningefurahi kutukanwa.

"Kwa hivyo siko," alisema, akaenda zake.

Walifyeka Jumatatu iliyofuata, asubuhi. Kulikuwa na vijana wa panga mbele, na trekta nyuma. Mwaitu alikuwa ameshavuna alichoweza kuvuna tangu alfajiri, sukuma hadi ya majani machanga, nduma hata zisizokomaa. Mtama hakuugusa. Nilimwambia niukate angalau tupate chochote. Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha ya kigeni. Trekta lilipita juu ya safu ile kwa muda mfupi tu. Ndege walizunguka pale siku mbili, kisha wakajua.

Yule wa makaa alirudi kwao Machakos mwezi huohuo. Hakuacha namba ya simu. Nimeulizia kwa watu wa kule mara kadhaa na sijapata wa kunipa habari zake.

Kuhusu bwawa, nitasema nilichokiona tu, bila furaha. Magugumaji yalirudi. Viti viliwekwa vikang'olewa kuuzwa vyuma chakavu. Na kwa kuwa ukingoni hapakuwa tena na wanawake wa kumfokea mtu anayetupa takataka, watu walitupa takataka, hadi zikafika magotini mwa bango langu. Simaanishi kwamba mboga zetu zilikuwa salama. Tulizimwagilia maji ambayo singemwosha nayo mbwa, na nikala hizo mboga utoto wangu wote. Waliotaka kusafisha maji yale hawakukosea kutaka. Kosa ni kwamba walipofikiria maji safi, waliyafikiria bila sisi, na mimi ndiye niliyewachorea picha hiyo.

Mwaitu alikataa kukaa Silanga tena. Nilimwendea mwalimu wangu nikamweleza habari yote, isipokuwa sehemu moja. Alisikitika sana, akasema ana chumba kwenye ploti yake Kawangware. Tukahamia.

Nilipoiona ile ploti nilishindwa kujizuia. Vyumba kumi na viwili vya mabati, viwili viwili vinatazamana, katikati saruji. Mwalimu aliyetulilia miti kwa miaka minne alikuwa amekata mparachichi wa baba yake ili apate nafasi ya vyumba vinne vya mwisho. Kisiki chake kilikuwa bado pale, wapangaji wanaanikia viatu juu yake. Nilimuuliza kwa nini aliukata. Akasema, "Watu lazima wakae mahali," na lilikuwa jibu la haki. Ila nilitamani angelikumbuka jibu hilo siku ile ya wino mwekundu.

Mwaitu alijaza magunia matatu udongo akayapanga mlangoni. Mawili alipanda sukuma kwa kuyatoboa mbavuni. La tatu alipanda mtama. Siku moja mwalimu alikuja kuangalia bomba akamkuta ameinama juu ya gunia hilo, jembe dogo mkononi, mtama nyuma yake. Alisimama akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia.

"Ndiye yule mama wa shairi?" aliniuliza.

"Ndiye."

Aliingia nyumbani kwake bila kuangalia bomba. Tangu siku hiyo hajawahi kunizungumzia ushairi, na hilo ni jambo ambalo sikumwomba.

Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa fasihi. Ninafundisha mashairi yaleyale, kwa kuwa bado ni mazuri na kwa kuwa sijui kazi nyingine. Ninawaambia wanafunzi watafute mtu aliye mbali kilimani, wakishampata waniambie amekula nini asubuhi. Wanacheka. Mmoja aliniambia, "Teacher, si huyo ni msee wa scenery tu." Mtu wa kupamba mandhari, alimaanisha, na kengele ikalia.

Kwa miaka yote hiyo mwaitu hakuwahi kulitaja lile shairi. Alipika, alienda kanisani, alinilaumu kwa kutoolewa, mambo ya kawaida ya mama. Cheti hakukibeba tulipohama. Nilidhani amesamehe, kisha nikadhani amesahau, kisha nikaacha kudhani.

Sasa anaumwa. Sukari imempanda, macho yamefifia, na miguu haimfikishi hata getini. Ninaenda Kawangware kila Jumapili baada ya misa. Jumapili iliyopita nilimkuta kitandani anatazama dari, na kabla sijaketi akasema, "Nisomee lile shairi."

Nilijua siku hii itakuja, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuomba msamaha tangu nikiwa msichana. "Mwaitu," nilianza, "lile la kwenye bango..."

"Hilo la bango nililipangusa hadi nikachoka nalo. Nataka lile ulitusomea sisi."

Sikuwa nalo. Sikuwahi kuliandika popote. Lilikuwa uongo wa dakika mbili, jioni moja, mlangoni pa nyumba iliyokwisha kubomolewa. Nikajaribu. Bwawa limelala, nikasema, na ukingoni mama ameinama. Halafu kichwa changu kikawa kitupu. Nikaongeza kitu kuhusu upepo.

"Hapana, upepo haikuwa," alisema.

Akafumba macho, akalisema mwenyewe. Neno kwa neno, nadhani, maana mimi sina tena kipimo cha kulipimia. Jembe linauamsha udongo mweusi. Mtama usiovunwa na mtu. Alilisema kama mtu anayesoma jina lake kwenye orodha. Nikapekua mkoba nikapata kalamu na kadi yake ya hospitali, nikageuza nyuma, nikaanza kuandika. Machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

"Mbona hukuandika hivyo?" aliniuliza, macho bado amefumba.

"Niliona aibu."

"Aibu ya nini, na mboga ulikuwa unakula?"

Nilidhani amelala. Nilikuwa nimeshaweka kalamu chini niliposikia sauti yake tena.

"Hujamaliza. Muandike na yule wa makaa, na vidole vyake. Mimi sitakuwa hapa kumkumbuka."

Nikaokota kalamu, nikamwandika.